Sumaku ya Mayala

Siku ya zamu ya Mama Clementi tulikuwa wanawake sita wa kusaidiana mashamba, tukipalilia pamba yake, nje kidogo ya Bunda. Mvua ilipoanza wenzangu wakakimbilia ndani kwake. Mimi nikaenda kwenye banda la mbuzi, kama zamu zote za msimu ule. Walisema radi inafuata chuma, na mimi ninacho mguuni.

Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Wasiotaka kukaa nami chini ya paa moja wasingekuja kwangu, na peke yangu nisingemaliza ekari nzima kabla magugu hayajafunika pamba.

Kabla ya msimu ule bodaboda ilikuwa imenivunja muundi, kipande kikasagika kabisa. Daktari alipima mfupa, akaagiza kipande kingine cha titani iliyochanganywa na metali nyingine. Alisema kinatengenezwa kwa unga laini kama wa muhogo, unaoyeyushwa kwa mwanga mkali, tabaka juu ya tabaka, kila moja jembamba kuliko unywele. Kisha kinachomwa tena kwenye tanuru kisije kikavunjika kwa kubeba uzito wangu miaka mingi. Ni chepesi, hakishiki kutu, na kina vitundu ili mfupa wangu uote ndani yake. Niliishia darasa la tano, lakini hayo niliyaelewa.

Mayala, fundi redio wa sokoni, alikuwa amenipa sumaku ya spika iliyokufa. Basi siku ile ya mvua nikatoka bandani, nikaitoa kwenye kanga, nikavuka uwanja, nikasimama mlangoni.

“Mama Clementi, angalia.”

Niliigusisha kwenye jembe langu, ikang'ang'ania. Niliigusisha kwenye muundi, ikadondoka. Nikarudia.

“Siyo chuma kile mnachoogopa.”

Wakatazamana.

“Nyangi wewe,” akasema Ursula, mmoja wa wenzangu, “hata sumaku inakukimbiaga!”

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

“Chuma kinachokataa sumaku,” akasema Mama Clementi, yeye hakucheka, “hicho mimi sijawahi kukisikia. Rudi bandani, mwanangu. Nitakuletea chakula.”

Majembe yao matano ya chuma yalikuwa yameegemea ukuta humo ndani, mbele ya magoti yao. Niliyaona. Nikaifunga sumaku kwenye kanga, nikarudi bandani.

Siku ya zamu yangu nilipika uji wa watu sita. Kufika saa nne nilikuwa nimepalilia mistari miwili, peke yangu. Mama Clementi akapita njiani na jembe begani.

“Pole na kazi, Nyangi.”

“Asante, mama.”

Nikaanza mstari wa tatu.