Ibada ya Saa Tisa

Mchungaji Haron Were alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka umepona. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyeitwa na Mungu kwa kazi moja, kisha watu wakamwongezea nyingine kumi, naye kila mara akaitikia, "Sawa, ndugu zangu." Alikuwa ameketi meza kuu chini ya hema, ua la karatasi kifuani, akimngoja mgeni wa heshima aje kuweka jiwe la msingi la ukumbi wa harusi. Mgeni aliahidi kufika saa sita. Sasa ilikuwa inaelekea saa kumi, na wageni wa heshima wa Nairobi, kama mjuavyo, hawachelewi. Ni sisi tunaowahi.

Kanisa lenyewe lilikuwa ukingoni mwa Lavington, pale nyumba kubwa zinapokwisha na barabara ikaanza kuteremka kuelekea Kawangware. Were alilianzisha miaka ya themanini, akiwa bado karani mjini, kwa sababu moja tu: yaya na wapishi wa nyumba zile hawakuwa na pa kusali. Asubuhi ya Jumapili tajiri anataka chai, mchana ana wageni. Mtumishi hupumua vyombo vya mchana vikishaoshwa, na jioni sharti arudi. Basi Were akaweka ibada saa tisa. Alipita geti baada ya geti akiwaalika, hata mbwa wakamzoea wakaacha kumbwekea.

Halafu wenye magari wakaja, wakataka ibada ya asubuhi, na kamati zikafuata. Kamati ya ujenzi, ya sare za kwaya, ya shule ya nasari, na kamati ya kupanga kamati nyingine zikutane lini. Si kwamba walikuwa watu wabaya. Kila kamati ilileta jambo jema, na hapo ndipo penye mtego, maana jambo baya Were angelikataa. Njia mbili zilimshinda fisi. Yeye alionyeshwa kumi akazianza zote. Ibada ya saa tisa ikasogezwa kupisha mazoezi ya kwaya, ikasogezwa kupisha harusi, na leo haikutajwa kabisa.

"Pasta, kunywa soda," alisema Bwana Macharia, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, muuza vipuri wa mjini na mtu mchangamfu. "Mgeni ametoka Karen, ako njiani."

Were aliinua chupa, na kabla haijafika mdomoni akaona kundi la wanawake getini, vitambaa vya Jumapili kichwani, na askari amewatandazia mikono wasiingie. Katikati yao alikuwa Peres.

Aliirudisha chupa mezani. Peres alikuwa yaya wa nyumba moja hapo karibu. Jumatano alimjia ofisini macho yamevimba. Mama yake angezikwa Jumamosi kwao Bunyore, na mwajiri alikuwa amemnyima ruhusa. "Pasta, sitaona mama akishuka," alisema. "Mniimbie hapa Jumapili. Hiyo ndiyo itakuwa matanga yangu." Were alimshika mkono akamwahidi. Kisha aliingia mkutano wa kupanga mahema, akasahau. Alisahau, na hakuna neno jingine la kulisitiri.

Alisimama. "Macharia, nina ibada."

"Ibada gani tena? Pasta, mgeni anafika saa hii!"

"Ya saa tisa."

"Si utawafanyia wiki ijayo? Hao ni watu wetu, wataelewa."

Wataelewa. Were mwenyewe alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi, na leo lilimtia aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Alipofika getini wanawake walikuwa wametawanyika, kila mmoja akirudi kazini. Alimwona Peres mbele, peke yake kando ya ukuta mrefu, akakimbia na joho lake mkononi.

"Peres, nimekukosea. Nilisahau."

"Si kitu, Pasta. Najua uko na wageni." Alisema kwa upole, na upole huo ulimuuma Were kuliko matusi.

"Bado una nafasi?"

"Ya kufika kwa geti tu. Mama wa nyumba anataka kutoka."

"Basi tutembee pole pole."

Nyuma yao kipaza sauti kilikoroma: mgeni amefika, Mchungaji Were anaombwa ajongee mbele. Peres akasita. "Wanakuita."

"Wacha waite. Mama aliitwa nani?"

"Trufena."

Were alianza wimbo wa mazishi kwa lugha ya kwao, sauti ikikwaruza. Peres alitembea kando yake ubeti wa kwanza. Kisha akaingia sauti ya pili, na machozi aliyoyazuia tangu Jumatano yakashuka. Walinzi walichungulia, wengine wakavua kofia.

Walipofika getini kwa mwajiri wake, Were alisema maneno ya kumkabidhi marehemu kwa Mungu. Peres aliinama kwenye maua ya tajiri, akachota udongo, akauachia taratibu upande wa machweo, upande wa kwao.

"Lala, mama," alisema.

Alijifuta mikono kwa sketi, akabonyeza kengele. Were alibaki pale mpaka geti likafungwa nyuma ya Peres, ndipo akageuka kwenda kuwaambia wale wa mezani kwamba Jumapili saa tisa kanisa lina wenyewe.