Abiria wa Kilima cha Ngomo

Asubuhi ya kuondoka kwake, Jean-Berchmans alikula bugali ya jana na ndagala za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, akanywa chai, akatoka nje kuupaka mafuta mnyororo wa baiskeli. Ilikuwa baiskeli nyeusi ya kazi, ile ya kubeba watu, yenye kiti cha nyuma kilichoshonewa mto wa sponji. Wenzake wa parkingi ya Kasenga walimshauri akifungue kiti hicho akiache nyumbani. Kutoka Uvira hadi baharini Moanda ni kuivuka Kongo nzima, walisema, na kila kitu kisicho na kazi kitamchosha. Alichukua spana, akalegeza nati, kisha akazikaza tena. Alisema kiti kitabeba mipira na pampu.

Evariste, prezida wa chama cha wenye baiskeli, alimvisha fulana ya njano iliyoandikwa UVIRA–MOANDA na kutoa hotuba. Alisema hakuna mtoto wa Uvira aliyewahi kuivuka nchi hii kwa pedali, kutoka ziwa hadi bahari, peke yake. Watu walipiga makofi. Jean-Berchmans aliinamisha kichwa, nao wakasema, tazameni, muntu munyenyekevu. Unyenyekevu wapi! Aliona haya tu. Ilikuwa Jumamosi, na siku ya Jumamosi hakuwa na uwezo wa kuinua macho.

Kila Jumamosi mama mkwe wake, mama Ninahazwe, alipanda gari parkingini hapo hapo kwenda Kamanyola kumtafuta binti yake mdogo, Libérate. Siku hiyo pia alikuwa amekuja na kapo lake la ukindu. Kwao, watu wa bonde la Ruzizi, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani ana kwa ana. Neno hupita kwa mtu wa kati. Kwa hiyo mama alivuta kikwembe usoni, akageukia ziwa, akasema na Laurette, binti yake mkubwa, mke wa Jean-Berchmans, aliyesimama katikati yao.

“Umwambie mukwe wangu. Picha ya Libérate ni hii. Kamanyola nimekwisha kuuliza kila mlango. Kule atapita, naye aulize. Akiwa muzima ao mufu, nijue tu mahali iko.”

“Mama anasema uulize,” alisema Laurette.

“Mwambie mama nitauliza,” alisema Jean-Berchmans, akiutazama ukuta wa duka.

Aliitia picha mfukoni, upande wa moyo, kwa kuwa mfuko wa fulana ulikuwa upande huo.

Mwaka ule risasi zilipolia bondeni, yeye ndiye aliyetumwa Luvungi kumchukua Libérate, aliyekuwa akijifunza ushonaji huko. Njia ya kurudi Uvira ilikuwa imefungwa, wakashika ya kaskazini, wakapita Kamanyola, wakafika chini ya kilima cha Ngomo. Pale alifanya kama kila mwenye baiskeli wa bonde anavyofanya. Kilima kikiwa kikali, abiria hushuka na kupanda kwa miguu. Mwenye baiskeli huisukuma hadi juu, akasimama, akangoja. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna asiyeijua. Jean-Berchmans alikwisha kuwangojea walevi, wajawazito, hata mtu mmoja na mbuzi wake aliyegoma kutembea. “Shuka, shemeji,” alisema siku hiyo, “nitakungojea juu.” Akafika juu. Risasi zikasikika chini, kule alikotoka. Alitazama nyuma mara moja, akaona kona tupu. Basi akapanda baiskeli, akaiacha iteremke kuelekea Nyangezi.

Aliporudi Uvira alisimama uani, amempa mama mkwe mgongo kama desturi inavyotaka, akasema kupitia kwa Laurette kwamba Libérate alishuka Kamanyola, kwamba alitaka kuja na wengine. Desturi ile iliwekwa kwa ajili ya heshima. Siku hiyo ilimfaa mwongo, kwa sababu mama Ninahazwe hakuuona uso wake. Tangu hapo ndipo mama alipoanza kwenda Kamanyola. Moyoni alikwisha kujua kwamba mtoto amekufa, mama hujua. Alichotaka ni mahali, achimbe, azike, watu wakae matanga, walie, wanyoe nywele, yaishe. Bila maiti matanga hayawekwi. Husemwa kwamba mficha maradhi, kilio humfichua. Jean-Berchmans alificha, na kilio chenyewe hakijapigwa hadi leo.

Kutoka Uvira hadi Baraka barabara hufuata ziwa, na hakuna lililotokea. Alilala kwa watu, akala samaki wa mikeke, akaziba tundu la mpira penye kivuli cha kanisa. Kilima cha kweli cha kwanza kilikuwa kile cha kupandia Fizi. Alishuka, akaisukuma baiskeli, akafika juu akasimama kupumua. Alipotaka kuondoka, baiskeli ilikuwa nzito. Libérate alikuwa amekaa kwenye kiti cha nyuma, miguu upande mmoja kama wanavyokaa wasichana wa parokia. Alivaa kikwembe chake cha kijani, viatu amevishika mkononi.

“Leo umeningojea,” alisema.

“Nilikuwa napumzika.”

“Ni sawa tu.”

Jean-Berchmans alikagua kama nati za kiti zimekaza. Zilikuwa zimekaza. Akakanyaga pedali.

Mambo yakaendelea hivyo. Penye tambarare Libérate alikaa kimya, akishikilia springi za kiti cha mbele. Penye kilima alishuka bila kuambiwa. Kule juu Jean-Berchmans alisimama kando ya barabara, na baada ya muda kiti kikatoa mlio mdogo, naye akajua kwamba abiria amefika. Vijijini waliwapa vigoda viwili na sahani mbili. Sahani ya Libérate ilirudi imejaa, na wenye nyumba wakaila wenyewe bila maneno, kwa kuwa chakula hakitupwi. Picha aliionyesha kila mahali, maana alikuwa ameahidi. Kwenye bariyeri moja huko mbele ya Kabambare, askari aliishika akaitazama sana.

“Unatafuta huyu?”

“Ndiyo, shefu.”

“Si huyu uko naye nyuma?”

“Ni yeye.”

“Basi umemupata,” alisema askari, akainua mti wa bariyeri.

Huko Maniema alijaribu kumkimbia. Nisimpambe: alijaribu. Kilima kilikuwa kirefu, mvua ilikuwa karibu kunyesha, alifika juu akawaza kwamba mtu aliyeachwa mara moja anaweza kuachwa mara ya pili bila dhambi kuongezeka sana. Akateremka bila kushika breki. Kwenye kilima kilichofuata Libérate alichelewa kufika, na alipofika nyayo zilikuwa zimepasuka na kikwembe kimelowa. Hakumlaumu. Jean-Berchmans alitamani alaumiwe, atukanwe, hata apigwe kiatu. Libérate alikamua kikwembe, akapanda, akasema barabara hii iko mubaya sana. Usiku huo Jean-Berchmans hakula.

Kasai alikuta wanaume wanaosukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya mahindi kwenda Mbuji-Mayi. Baadhi yao walikuwa na mtu juu ya magunia, amekaa kimya, na nguo za zamani. Walipishana, wakapigiana kengele, na hakuna aliyeuliza habari za abiria wa mwenzake. Kananga ikapita, Tshikapa, Kikwit. Kinshasa waandishi wa redio walimwuliza anajisikiaje kusafiri peke yake. Alisema ni Mungu tu. Libérate alikaa nyuma yake akisikiliza, kisha akaomba waondoke, kelele ya magari ilimuumiza kichwa.

Walifika Moanda mchana. Vijana wa ufukweni walimpiga picha kwa simu, na katika kila picha walitokea watu wawili. Jean-Berchmans alijaza maji ya bahari kwenye bidoni, dumu dogo la plastiki alilopewa na chama. Libérate aliosha miguu, akaonja maji kwa kidole, akasema ndagala haziwezi kuishi humu. Halafu alikaa mchangani.

“Shemeji. Mama iko ananitafuta Kamanyola.”

“Ninajua.”

“Minye siko Kamanyola.”

“Ninajua, Libérate.”

“Niko Ngomo, kwenye ile kona ya mikaratusi, chini ya barabara. Mvua iko inanipiga.”

“Basi umwambie weye mwenyewe.”

“Mufu hana ruhusa. Yule alimuacha ndiye anasemaka.”

Jean-Berchmans alilia. Alilia vibaya, kamasi zikamwagika kwenye fulana ya njano, na vijana wa ufukweni wakadhani ni furaha ya kumaliza safari, wakamshangilia. “Nitasema,” alimwambia. “Nikifika tu, nitasema.” Aliyasema hayo kwa moyo wote, na siku hiyo yalikuwa kweli.

Wenye kampuni ya bia walijitolea kumrudisha kwa ndege. Libérate alisema yeye hapandi ndege, kwa hiyo walirudi kwa njia ile ile. Njia nzima Jean-Berchmans alijizoeza. Maneno yenyewe yalikuwa machache: nilimuacha Ngomo. Aliyaambia mashamba ya mihogo, aliyaambia mito, aliyafuatisha pedali mpaka miguu ikayajua. Vilima vyote alingoja. Mpaka wanafika Fizi alikuwa akijiona karibu kuhesabika mtu mwema, na wazo hilo lilimfurahisha, kisha likamtia aibu, kisha likamfurahisha tena.

Watu walimpokea kuanzia Kalundu. Pikipiki zilitangulia na honi, fanfari ya parokia ikafuata na tarumbeta zake, na Kasenga ilijaa mpaka juu ya kuta. Evariste alikuwa amebandika picha ya Jean-Berchmans kwenye ukuta wa duka, kubwa kama mlango, na chini yake neno SHUJAA WETU. Libérate alishuka kwenye kiti, akakung'uta vumbi, akamwendea mama yake. Watu walimpisha.

“Mama.”

“Mwanangu. Umekonda.”

“Ni safari.”

“Walikuzika?”

“Bado.”

Mama Ninahazwe alimshika mkono, akaugeuzageuza, akapangusa tope lililokauka kwenye kucha. “Niambie mahali uko. Nitakuja na shuka. Nimekwisha kuifua.”

Libérate aligeuka. Alimtazama shemeji yake. Mama alifuata macho ya mwanawe mpaka pale heshima ilipomruhusu, kwenye viatu vya Jean-Berchmans, kisha akavuta kikwembe usoni, akageukia ziwa.

“Laurette. Umuulize mukwe wangu. Dada yako alishuka wapi?”

“Mama anauliza alishuka wapi,” alisema Laurette. Naye alikuwa anamtazama mumewe machoni, maana mke hana mwiko huo.

Fanfari ilikuwa imenyamaza, wapigaji wanakunywa maji. Jean-Berchmans alikuwa na maneno yake tayari mdomoni. Aligeukia ukutani kama inavyompasa mkwe, akakutana na picha yake mwenyewe. Aliona fulana ya njano. Nyuma yake watu wote wa Kasenga walikuwa wanangoja, na walingoja wakimpenda, naye hakuwa amewahi kupendwa hivyo tangu azaliwe.

“Kamanyola,” alisema.

Laurette akageuka. “Anasema Kamanyola, mama.”

“Basi ni Kamanyola,” alisema mama Ninahazwe. “Sikutafuta vizuri.”

Libérate alivaa viatu vyake. “Ni sawa tu,” alisema, akaenda kumsaidia mama yake kubeba viti vya sherehe.

Siku hizi anaishi kwa mama. Anashona kidogo, anachota maji, wateja wanamsifu kwa pindo zilizonyooka. Mvua ikinyesha upande wa Ngomo analowa hata akiwa ndani ya nyumba, na mama humtandikia gunia ili asilowanishe godoro. Bidoni ya maji ya bahari iko katika ofisi ya chama, na watoto wa shule huletwa kuiona.

Jumamosi mama Ninahazwe hupanda gari kwenda Kamanyola kumtafuta binti yake. Huchukua shuka nyeupe iliyokunjwa na jembe. Libérate huenda naye, humbebea kapo magotini. Jean-Berchmans huwasindikiza mpaka parkingini, amebeba jembe, akitembea nyuma kwa adabu. Gari lile huishia Kamanyola. Ngomo iko mbele kidogo tu, ukisimama sokoni unaiona.

Jumamosi iliyopita, gari lilipokwisha kuondoka, alikuja mama mmoja mwenye beseni la nyanya, anakwenda Kilibula. Alikuwa na haraka. Alipanda kiti cha nyuma cha baiskeli, akalipakata beseni, akauliza kama penye mwinuko itabidi ashuke.

“Utashuka,” alisema Jean-Berchmans. “Nitakungojea juu.”

Yule mama hakuuliza zaidi. Alimwamini, kwa kuwa ndiye aliyevuka nchi nzima.