Sombe ya Mama Mkwe

Emilienne alikuwa akiamka tayari amechoka. Uchovu wake haukuwa wa shamba. Ulikuwa umejikalia ndani ya mifupa tangu mvua za mwaka uliopita, na usingizi haukuupunguza hata kidogo. Alikula, chakula kikapita, mwili usiambulie kitu. Daktari wa Kasongo alimweleza baada ya vipimo vya Bukavu: utumbo una vidonda, ugonjwa ni wa maisha, dawa zinautuliza tu. Damu ikianza kutoka, ale wali laini, samaki na ndizi mbivu. Sombe, yale majani ya muhogo, maharagwe na pilipili aviache kabisa.

Haya aliyaficha kwa kila mtu, hata kwa mumewe Zacharie aliyekuwa machimboni Salamabila. Mke mwenye ugonjwa usiopona hurudishwa kwao. Mficha maradhi kilio humfichua, ndivyo wanavyosema. Lakini waliosema hivyo hawakuwahi kuolewa kijijini Wamaza.

Balaa ni kwamba mama mkwe wake, Consolée, alimpenda. Alimwona anakonda, akaamua kumtibu kwa dawa anayoijua: kila jioni sombe ya mawese yenye pilipili za kutosha, kwa sababu sombe huleta damu. Emilienne alitoa visingizio mpaka vikamwishia. Na pale, mkamwana asiyegusa chungu cha mama mkwe anasema jambo moja tu: huyu mama ana sumu. Minong'ono ilianza kisimani, ikafika mpaka kanisani.

Jumapili, baada ya ibada, Consolée alileta sahani mbele ya wanawake wote wa familia. Alichota, akatia mdomoni, akameza taratibu huku wakimtazama. Ndivyo mpishi anavyojisafisha.

"Nimeonja," alisema. "Sasa kula, mwanangu. Miye sina sumu."

Akamsogezea sahani kwa mikono miwili. Emilienne akakosa nguvu ya kukataa. Alikula yote.

Kabla jua halijashuka alikuwa amekwenda chooni mpaka miguu ikamkatalia. Darlène, mke wa shemeji yake, alimkuta ameegemea ukuta, nguo imelowa damu. Alirudi uani mbio.

"Mama amemuua," aliwaambia.

Wanawake wakakusanyika pale ukutani. Consolée alisimama katikati yao, amezeeka ghafla. Maneno machache yangetosha kumwokoa, na Emilienne alijua yatamgharimu nini yeye mwenyewe. Aliona aibu, aliona hasira pia, lakini zaidi ya yote alikuwa amechoka kuficha.

"Hapana sumu," alisema. "Matumbo yangu ndiyo iko na vidonda, tangu zamani. Munganga wa Kasongo alisema haitapona. Sombe inaniumizaka. Mama hana makosa."

Darlène alitazama pembeni. Habari ingefika Salamabila na pikipiki ya kwanza ya asubuhi. Consolée alisogea, akachuchumaa kwenye tope akiwa na nguo zake za ibada.

"Sasa weye unakulaka nini?" aliuliza.

Muda wote wa kuugua kwake walimwuliza kwa nini anakonda, kwa nini hali, kwa nini hazai. Hili hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwuliza. Emilienne alifungua mdomo aseme wali, wali laini tu, lakini machozi yakamtangulia.