Visu vya Randa Mlangoni mwa Mahakama

Marehemu mke wangu alikuwa na amri moja karakanani: ikifika jioni, visu vya mashine ya randa vitolewe, vifungwe kwenye gauni lake kuukuu, vilale ndani. Ndiyo maana watu wa mkopo walipokuja alfajiri kuichukua mashine, walibeba chuma na mota tu. Visu vilikuwa chini ya kitanda. Yeye nilikuwa nimeshamzika. Fedha za marejesho zilikuwa zimeishia hospitali, na wakubwa hao msiba wa maskini hawaujui.

Wakaiuza. Kisha ikaja barua: bei iliyopatikana haikufuta deni, nilipe salio, la sivyo nyumba nayo inakwenda. Eti mashine ilijaribiwa mnadani, ikaranda mbao vizuri. Ikarande kwa meno ya nani?

Siku ya kesi nikavibeba visu vyangu. Ndio ushahidi wote niliokuwa nao. Mlangoni askari akalipapasa furushi.

"Mzee, unakwenda kumchinja hakimu?"

"Ni ushahidi huo."

"Ushahidi unaokata haupiti hapa." Akavifungia kwenye droo.

Dada wa marehemu, aliyenisindikiza, akanisukuma begani. "Ingia, shemeji. Mdomo hawajakunyang'anya."

Nikaingia. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Wenye tai wangenimaliza kwa makaratasi. Hakimu, mama mmoja wa miwani, hajasema kitu nikasimama.

"Mheshimiwa, ushahidi wangu umebaki kwa askari."

"Keti, mzee. Wewe bado sijakuuliza."

Akamgeukia wakili wa kampuni. "Dhamana mmeiuza nyinyi, salio mnalidai nyinyi. Huyu mzee alipewa taarifa ya mnada?"

"Nadhani alipewa, mheshimiwa."

"Nadhani siiandiki kwenye faili. Tangazo liko wapi? Nani alinunua? Bei mliipimaje?"

Wakili akapekua, akapekua tena, kama kuku anayetafuta punje kwenye saruji. Ikatoka karatasi moja: bei na sahihi. Jina la mnunuzi, hakuna.

"Si kazi ya mzee huyu kuthibitisha kwamba mliuza vibaya," hakimu akasema. "Ni kazi yenu kuthibitisha kwamba mliuza sawasawa. Mmeshindwa. Dai la salio nalitupa."

"Lote?" nikauliza.

"Lote."

"Na nyumba?"

"Nenda ukalale, mzee."

Shemeji akapiga kigelegele, akanyamazishwa. Mimi nilibaki kwenye benchi, navuta pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Kuwasamehe siwasamehe, mashine haikurudi, na maswali yale hakuna mkubwa aliyewauliza kabla hawajaninyang'anya. Lakini pumzi ilikuwa tamu.

Askari akafungua droo. "Vipi, vingekusaidia?"

"Havikuhitajika."

"Sasa unalia nini?"

Nikalichukua furushi langu, nikatoka. Nilipofika nyumbani nikavipaka mafuta, nikavifunga kwenye gauni lile, nikavirudisha chini ya kitanda. Kisha nikalala mchana kweupe, mlango wazi.