Mwanafunzi Mwenye Nikabu

Bi Ibtisam alikuwa na wivu, na wala hakuuonea haya.

Miaka kumi na minane amesomesha Kiingereza katika chumba cha mbele, nyumbani kwake, mtaa wa Malindi, Zanzibar. Watembeza wageni na wahudumu wa hoteli wote wamepita kwake, wakakariri nyakati za kitenzi moja baada ya moja, hadi ule wa "lau ningelijua, nisingelikwenda." Sasa kati ya wanafunzi thelathini wamebaki wanne. Wengine wamehamia kwa Wanu, mkulima wa mwani kutoka Matemwe, asiye na cheti hata kimoja, anayesomesha kwenye bustani ya Forodhani, katikati ya watalii, kila siku baada ya alasiri.

"Kiingereza cha kuokota ufukweni!" Bi Ibtisam aliwaambia wale wanne. "Ntakuonesheni."

Nia yake ilikuwa kukusanya makosa ya Wanu na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi, watu waone wanasomeshwa nini. Basi yeye, ambaye siku zote hutembea uso wazi, akavaa nikabu, akenda kukaa nyuma kabisa na daftari lake.

Robo saa haijesha, ana makosa kumi na moja. Moyo ukamcheza kwa raha. Lakini Wanu akikosea wanafunzi walicheka, wakamjibu, wakakosea na wao. Jaku, ambaye Malindi hakufungua mdomo mwaka mzima, alikuwa anambishia Mtaliano mambo ya mpira! Raha yote ikamtoka.

Mara bibi mmoja wa Kizungu akakaa ubavuni pake, akayasifu maua ya piko aliyochorwa mikononi, akamuuliza amechorwa na nani. Swali jepesi. Bi Ibtisam akaanza kuipanga sentensi. Wakati upi? Tendo limekwisha, au athari yake ingalipo? Mtendaji atajwe mwanzo au mwisho? Akapanga, akapangua. Miaka yote hiyo hajawahi kuulizwa kitu na mgeni. Yule bibi akasubiri, akatabasamu, kisha akainamisha uso kama aliyekosea kuuliza.

Wanu akaja, akatupa maneno manne yasiyo na kichwa wala miguu. Bibi akacheka, akaelewa, akauliza mengine.

"Usione haya, dada'angu," Wanu akamgeukia Bi Ibtisam. "Sote tumeanza hivo hivo. Nkuandike nani?"

Wanafunzi wake wa zamani wakageuka kumtazama. Sauti yake wangeijua hata usingizini.

"Afra," akanong'ona.

"Afra," Wanu akasema huku akiandika, "wa kuanza kabisa."

Bi Ibtisam hakuwahi kumchukia mtu kama alivyomchukia Wanu dakika ile. Akauliza, kwa kunong'ona vilevile, kesho darasa linaanza saa ngapi.