Herufi Nyeusi za Anyitike

...na kidole kipo juu ya kitufe, hakijabonyeza, kimekaa tu hapo, na Mzee Mbonile amesimama ng'ambo ya meza na kikapu mkononi anangoja, na Priska anajiambia bonyeza basi mwanamke wewe, umembonyezea mkewe kitufe hiki mara ngapi, mara tano, leo ndiyo kimekuwa cha moto?, bonyeza mashine ijibu, umwambie mzee mwanawe yupo, amesikia, aende zake na moyo uliotulia... lakini kidole kimegoma, na huko mlangoni Amri wa mizigo anagombana na dereva wa Zambia, salamu zao za asubuhi, mulishani mulishani, zimekwisha, sasa ni kelele tupu, nani kakata kamba, nani kafungua turubai kabla ya forodha, na mashine ya teleksi inanguruma taratibu mezani, haina haraka, itangoja hata mpaka jioni, haina mama hiyo. Mzee kasema nini hasa? Kaingia, kavua kofia, yeye Priska kainuka, shikamoo baba, marahaba mwanangu, mimi ndiye baba yake Anyitike, habari za Mbebe, nzuri tu, za safari, nzuri, mama hajambo?, na hapo mzee kakohoa kidogo, kasema hajambo, hajambo, ila anaumwa sana, basi nimekuja umwambie Anyitike kwenye mashine yako kwamba mama yake anaumwa sana, aje upesi. Ndivyo alivyosema. Hajambo ila anaumwa sana. Na Priska bila kufikiri kasema pole baba, atapona, ngoja nimwite, kaketi, kavuta karatasi, kapiga namba ya Dar es Salaam, laini ikashika mara moja, siku ambayo angetamani igome imeshika mara moja, na kidole kikaenda penyewe kwenye kitufe cha kuuliza nani huko, kikafika, kikasimama. Kwa sababu huko hakuna mtu. Ee Mungu wangu, huko hakuna mtu, na mimi ndiye ninayejua peke yangu katika Tunduma nzima.

Yaani mtu akikwambia mashine inaweza kujibu bila kuwapo mtu utamcheka, lakini hii inajibu, ukibonyeza hapa kule inajipiga yenyewe, MZIGO DSM, herufi nyeusi, hata ofisi ikiwa imefungwa, hata karani akiwa msibani, hata akiwa amehama dunia, MZIGO DSM, maana yake tu kwamba waya umefika panapotakiwa, basi, wala si salamu wala si habari... na yeye Anyitike ndiye aliyemfundisha hayo, wakati alipokuwa bado kwenye kiti chake huko makao makuu na yeye Priska mgeni wa kazi hapa tawini, hawajawahi kuonana uso kwa uso, miaka miwili ya kutumiana orodha za malori na mwisho wa orodha neno moja mawili ya utani, vipi huko mpakani, sabuni ipo?, sabuni ipo ya Zambia, tuma mbili, njoo uchukue mwenyewe mvivu wewe. Unayoandika wewe yanatoka mekundu, ya mwenzako yanatoka meusi, na Priska alikuwa akifika asubuhi anatazama karatasi kabla hata ya kufungua dirisha, kama kuna meusi, na kama yapo siku inakuwa njema, ndivyo ilivyokuwa, kwa nini ajifiche mwenyewe. Na siku ile aliyoandika habari ya kompyuta! Kwamba ghorofa ya juu kuna kompyuta, kubwa kama makabati matatu, na fundi aliyekuja kuitengeneza amewaambia huko Ulaya wameifundisha nyingine kuzungumza, unaiandikia nimechoka, nayo inakuuliza, tangu lini umechoka?, unaiandikia mume wangu mkali, inakuuliza, hebu niambie zaidi kuhusu mume wako, na watu wanaifungulia moyo, Priska, wanaieleza mambo ambayo padri hajasikia. Inaelewa? aliuliza yeye. Haielewi hata kidogo, inalidaka neno lako inakurudishia. Basi si mazungumzo hayo, ni kupiga kelele bondeni. Na Anyitike, mchokozi yule, jioni nzima akamgeuzia mchezo, kila anachoandika anarudishiwa swali, Amri kanikera leo, kwa nini Amri amekukera leo?, acha upuuzi Anyitike, kwa nini unasema ni upuuzi?, mpaka Priska akapiga meza kwa hasira, akaandika nakwenda nyumbani, na ndipo yakaja meusi ya kweli, kwaheri, angalia matope ya pale kwenye daraja, jana ulisema umeteleza. Aah. Alikumbuka. Kompyuta gani itakumbuka matope, au labda itakumbuka, zitakuja za kukumbuka kila kitu, lakini itakuwa imekumbuka kwa ajili ya nani? Akabaki ameishika karatasi ile muda, Amri akamuuliza una nini unacheka peke yako, akasema sina kitu. Na kesho yake Anyitike akaandika, sawa, lakini na wewe ukiulizwa habari unajibu nzuri, hata kama nyumba imeungua unaanza na nzuri, wewe na mashine mna tofauti gani? Naye alijibu upesi upesi, mimi nikisema nzuri ninakupa nafasi ya kukaa chini kwanza. Akajiona kasema jambo la maana kweli siku hiyo. Akili nyingi.

"Yupo?" anauliza mzee. Ngoja baba, laini inasumbua... uongo mwingine huo, laini haisumbui hata kidogo, laini leo ni nzima kuliko mimi. Yule mama. Mama Anyitike, Tusekile jina lake, mfupi, mchangamfu, kila mwisho wa mwezi anashuka kutoka Mbebe na lori la ushirika la kahawa, maharage kwenye kikapu, hiki hiki, kikapu ni hiki hiki kina kiraka cha kitenge ukingoni, anaketi kwenye benchi lile anasema haya binti wa mashine, niitie mwanangu, mtoto wake wa pekee, aliyeombwa miaka kumi na miwili ndipo Mungu akaitika, na jina akapewa kwa ajili ya hilo. Na Anyitike alikuwa akiitika kweli, mwanzoni, aliandika mwambie mama nitakuja Pasaka, mwambie asibebe kuni, muulize yule ng'ombe mwekundu amezaa?, na Priska anamsomea, na mama anacheka mpaka anafuta machozi, na baba yake je, amemuulizia?, hapana mama, baba hakumuulizia, maana baba na mwana walikuwa hawasemeshani, mzee alitaka mtoto arudi kijijini alime na wenzake, mtoto akasema shamba la kijiji si la kwangu wala si la kwako, mzee akasema basi usinikanyagie uwanja, mambo ya wanaume hayo, yanaanza kwa neno moja yanakula miaka. Halafu mwezi wa tatu, kimya. Siku nne kimya, ya tano yakaja meusi ya mkono mwingine, mimi naitwa Saidi, Anyitike kaacha kazi, hakuaga mtu, chumba kakirudisha, hatujui aliko. Hivyo tu. Wala wewe Priska hukuachiwa neno, ukalia chooni kama mtoto wa shule, ukanawa uso, ukarudi kutuma orodha ya malori. Na siku mbili baadaye mama huyo mlangoni, kikapu, haya binti wa mashine niitie. Nilitaka kumwambia, wallahi, kama anavyosema Amri, nilikuwa nimeshafungua kinywa, lakini nilikuwa nimeshaunganisha laini ya orodha na nimeshabonyeza, na mashine ikapiga ta-ta-ta-ta herufi nyeusi, na mama akaruka kutoka kwenye benchi, anaitika! hayo meusi ndiyo ya mwanangu, siyo? Amesemaje? Na mimi nikasema, amesema yupo, mama. Yupo. Neno dogo hilo. Akaomba kipande cha karatasi, nikamkatia, akakifunga kwenye pindo la kitenge. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Na uliofuata. Vipande vitano, mashine ikisema lile inalosema siku zote na mimi nikilitia roho isiyo yake, sasa nani alimdanganya mama wa watu, mashine? Mashine haijawahi kusema uongo tangu izaliwe. Uongo unataka mtu.

Bonyeza basi, umalizie ulichoanza, huyu mzee asiondoke mikono mitupu, mkewe anaumwa sana... anaumwa sana, aje upesi... na hapo ndipo Priska anayasikia upya, kwa sababu maneno haya anayajua, yalishamfikia yeye, yupo darasa la saba, bweni la wasichana, simu ya maandishi imekuja, baba mgonjwa sana njoo upesi, na mwalimu mkuu, mzungu, mama mwema kabisa, kaisoma mara mbili, kamshika bega, kasema usihofu, tutasali, atapona, kampa nauli, na alipopita jikoni kuaga, mpishi, asiyejua hata kuandika jina lake, akaomba asomewe, akasomewa, akaweka mwiko chini, akajifunika uso na khanga. Karatasi ilikuwa ile ile moja. Mwalimu alisoma yote hakuacha hata nukta, na hakuelewa kitu, na mpishi akaelewa kabla sentensi haijaisha, kwa sababu kwetu nani anamtumia mtoto neno la kifo akiwa peke yake barabarani? Humuui mtu kwa karatasi. Unamwita, aje, aone watu wamekaa uani, aelewe mwenyewe huku ameshikwa. Na mzee huyu... nani anamwacha mkewe mgonjwa sana, akapanda lori alfajiri, yeye mwenyewe, tena na magoti hayo? Mgonjwa angekuwapo, angetumwa jirani, angetumwa yeyote, mume angekaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Mume anatoka tu akiwa hana tena wa kumuuguza. Na huyu aliyeapa hatamtafuta mwanawe, leo anamtafuta. Na kikapu ni chepesi, tazama anavyokishika, hakina maharage. Ee mama. Ee mama yangu mdogo wa watu, na mimi nimemwambia mzee atapona! Mimi! Mtoto wa Mbozi, niliyelelewa na watu wenye maana nyuma ya maneno, nimejibu kama kale kamashine, kanadaka neno anaumwa kanarudisha atapona, na mzee kanisikia, kanipa nafasi ya kukaa chini.

"Usibonyeze, mwanangu," anasema mzee. Kwa upole tu. Anaweka kikapu mezani, anatoa kifundo cha kitenge, anafungua kwa vidole vizito vya jembe, na ndani ni vipande vya karatasi, vitano, vimekunjwa vizuri, na anavipanga mbele ya Priska kimoja kimoja, MZIGO DSM, MZIGO DSM, MZIGO DSM... na Priska anataka ardhi ipasuke. "Mimi nilisoma ile elimu ya watu wazima," anasema mzee, "cheti ninacho. Yeye hakwenda, alisema macho. Akirudi kutoka hapa ananipa nimsomee. Naona neno ni moja. Mwezi huu moja, mwezi ujao moja." Ulimwambia, baba? anauliza Priska. "Nimwambie nini? Akitoka hapa alikuwa anakula, siku hiyo anakula, anaimba mpaka ng'ombe wanashangaa. Nilimsomea. Hapa anasema ng'ombe mwekundu amezaa? Hapa anasema usibebe kuni. Nilitunga mimi, mimi niliyemfukuza." Na Priska analia sasa, waziwazi, Amri mlangoni amekata kelele katikati ya neno turubai na kuwatazama, dereva naye, na mzee anaendelea, hatazami mtu, anatazama vipande, "Jana jioni wazee wakasema aitwe mtoto, udongo wa kwanza ni wa mtoto, hatuwezi kumzika mama kama asiyezaa. Wakataka kutuma kijana. Nikasema hapana, nitakwenda mimi, mimi najua anapoitikia." Lakini baba, hayupo, anasema Priska, baba nisamehe, hayupo pale tangu mwezi wa tatu, sijui aliko, hakuna anayejua, nilimdanganya mama, na mzee anasema najua, najua mwanangu, lori la ushirika linarudi saa saba, nimeomba nafasi za watu wawili, tunazika kesho, na anakusanya vipande vyake taratibu, anavifunga tena, mashine inanguruma, laini bado iko wazi mpaka Dar es Salaam, kitufe kipo pale pale hakijabonyezwa, na mzee anainua uso, na kwa mara ya kwanza, maana hapa mkewe alikuwa akisema binti wa mashine tu na yeye hajawahi kufika, lakini jina analijua, kumbe nyumbani kwao lilikuwa likitajwa, anaita, "Priska," kama mtu anavyoita akiwa uani kwake, na Priska hakufikiri, hakuuliza naitiwa nini, kinywa kilishaitika.

"Abee, baba."