Beri za Marcelė

Tangu niolewe, mamamkwe wangu Marcelė hakuwahi kunionyesha anakochuma beri zake, vitunda vyekundu vya kinamasini. Huku kwetu kando ya kinamasi, mahali pa beri ni siri ya mtu. Ukikutwa njiani na kikapu, unasema unakwenda kumjulia hali dada yako, yaishe. Lakini mimi iliniuma. Niliona bado ananihesabu mgeni.

Mwaka huu macho yake yamefifia. Asubuhi moja, vuli ndiyo imeingia, akanigongea dirisha.

"Daiva, vaa mabuti. Leo utanishika mkono. Mdomo uuache nyumbani."

"Nikiuacha, nani atakwambia ninachoona, mama?"

"Haya, njoo nao. Umbea ndio ubaki."

Tukazama katika ukungu. Kila kichaka kilitandwa utando wa buibui uliolowa umande, na ardhi ilibonyea taratibu kama godoro. Nilijiona natembea ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Mahali fulani korongo waliitana, wakijikusanya kwa safari ya kusini.

"Unaona nini?"

"Msonobari uliokatika kichwa."

"Uache kushoto. Sasa?"

"Kuna majani yananuka, kichwa kinaanza kuniuma."

"Ndiyo hayo. Twende. Mbele kuna mti wa gome jeupe, mashina mawili."

Nikatazama pande zote. Haukuwepo. Labda upepo wa masika uliuangusha, ukamezwa na tope. Nikamwambia haupo.

"Basi nimepapoteza," alisema. "Nimekaa na siri mpaka imenifia mkononi."

Nilimhurumia, tena nikajihurumia. Korongo wakaita tena, karibu zaidi.

"Mama, korongo hawa wanakula nini huku?"

"Beri zangu, wezi hao." Akainua kichwa. "Hee. Nipeleke kwao."

Tukafuata sauti. Wakaruka mbele yetu, wakubwa, wa kijivu, na chini yao pakabaki pekundu tupu. Marcelė akapiga magoti, akayapapasa matunda kwa vidole vyote.

"Gintas nimwambie?" niliuliza. Gintas ni mwanawe, mume wangu.

"Huyo hata soksi zake hazioni. Usimwambie."

Wakati wa kurudi tulikutana na jirani yetu Zosė. Akakichungulia kikapu tulichokifunika majani. "Mnatoka wapi?"

"Kumjulia hali dada," nikasema.

Zosė akacheka. "Dada wa nani?"

"Wetu," akajibu Marcelė, akanibana mkono.